Ukigusa package.json, package-lock.json iende nayo

Kwa wanaotumia npm (chombo cha kusakinisha pakeji, yaani vifurushi vya msimbo wa JavaScript): ukihariri package.json (orodha ya pakeji ambazo programu inahitaji) kwa mkono, usiishie hapo. Endesha npm install ili isasishe package-lock.json (faili la kufuli, linalotunza toleo kamili la kila pakeji), kisha weka mafaili yote mawili kwenye komiti moja ya git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo). Nimewahi kupoteza mchana mzima kwa sababu ya faili la kufuli lililosahaulika: kwangu programu inawaka, kwa mwenzangu inagoma. Alama ya ^ kwenye "^4.17.0" inaruhusu toleo lolote jipya zaidi, mradi lisifike 5.0.0, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na lake.

Kwenye seva ya majaribio tumia npm ci, si npm install. Hiyo inafuta node_modules (folda ya pakeji zilizosakinishwa), inafuata kufuli kama lilivyo, na mafaili yakipishana inagoma papo hapo. Bora igome pale kuliko kwa mteja.

Mkigongana kwenye git, msirekebishe package-lock.json mstari kwa mstari (nilijaribu, sirudii). Malizeni mgongano wa package.json kwanza, halafu npm install. Itapanga yenyewe kilichobaki. Kulifuta kufuli pamoja na node_modules ili uanze upya? Hapana, matoleo yatasogea kimyakimya, hata ya pakeji ambazo hukuzigusa.