Vidonge vya sonona: nilivyozipita wiki za mwanzo

Daktari alipoandika fluoksetini, miligramu 20, kimoja asubuhi, nilitegemea kesho yake niamke mcheshi. Wapi! Dawa hii si panado. Inafanya kazi kwenye serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, na nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, pengine 6. Maudhi ndiyo hutangulia: mimi nilipata kichefuchefu siku nne, na usingizi ukapaa, nikawa saa nane za usiku niko kwenye cherehani nashona sare za shule.

Kwa hiyo meza asubuhi, saa ileile. Mimi kopo naliweka kando ya sukari. Ukisahau, usimeze viwili kesho yake. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, hasa tramadoli, ile ya maumivu makali, na za mitishamba pia. Pombe weka kando. Na mtu mmoja nyumbani ajue, kwani wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Yakija, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Mwezi wa tatu nilijiona mzima, nikaacha mwenyewe. Haukupita muda, sonona ikarudi vilevile. Kawaida unaendelea angalau miezi 6 baada ya kupona, kisha daktari anapunguza dozi taratibu.

Wifi yangu akaniuliza kama nimeshakuwa teja.

"Wifi, na wewe hivyo vya presha unameza mwaka wa ngapi?"