Kupima kama protini mbili za mmea zinashikana: njia ya lusiferasi iliyokatwa

Lusiferasi, kimeng'enya kinachomfanya kimulimuli ang'ae, hukatwa vipande viwili visivyowaka kila kimoja peke yake. Unga nLUC (kipande cha mwanzo cha lusiferasi) kwenye protini A na cLUC (kipande cha mwisho) kwenye protini B. Zikishikana, vipande hukutana na mwanga hurudi. Mmea ni Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku, wa wiki 4 hadi 5. Uliokwisha kutoa maua uache, matokeo yake huwa hafifu.

Otesha Agrobacterium GV3101, bakteria wanaoingiza DNA katika seli za mmea, zenye plasmidi zako (duara za DNA zilizobeba jeni za protini zako na vipande hivyo) usiku kucha kwa nyuzi 28. Zikusanye kwa sentrifyuji, mwaga mchuzi wa kuoteshea, kisha zikoroge katika maji yenye MgCl2 milimola 10, MES (kemikali ya kutuliza pH) milimola 10 (pH 5.6) na asetosiringoni mikromola 150, ambayo huamsha jeni za bakteria za kuhamisha DNA. Kila aina ya bakteria ifike OD600 (kipimo cha wingi wao kwa ukungu wa maji) ya 0.5 ndani ya mchanganyiko. Ongeza bakteria wenye P19, protini ya kirusi, kwa OD600 ya 0.2, mmea usije ukazinyamazisha jeni zako. Acha mezani kwa muda wa saa 3.

Chukua bomba la sindano la mililita 1 bila sindano yake. Bana mdomo wake chini ya jani, kidole kikiwa juu, usukume mchanganyiko polepole. Jani likigoma, mwagilia mmea na uuweke kwenye mwanga kwa muda wa saa moja, stomata (vitundu vya jani) zifunguke.

Madoa manne yakae kwenye jani moja, kwani umri wa jani hubadilisha matokeo: A-nLUC na cLUC-B, A-nLUC na cLUC tupu, nLUC tupu na cLUC-B, vyote vitupu. Tunza mimea kwa nyuzi 22 hadi 24. Joto la pwani bila kiyoyozi, nyuzi 30 na zaidi, huzuia uhamishaji wa DNA.

Baada ya saa 48, paka jani lusiferini (kemikali ambayo lusiferasi huichoma kutoa mwanga) milimola 1 yenye Triton X-100, aina ya sabuni, asilimia 0.01. Funika gizani dakika 10, maana klorofili nayo huendelea kumeremeta taa ikizimwa. Ndipo upige picha kwa kamera ya CCD iliyopozwa, inayonasa mwanga hafifu.

Hakuna mwanga? Bado si jibu. Hakikisha kwa kingamwili kwamba protini zote mbili zimetengenezwa. Lusiferasi pia inahitaji ATP, nishati iliyo ndani ya seli, hivyo kipande kilichotokeza nje ya utando wa seli hakitawaka. Kihamishie mwisho wa pili wa protini.

Madoa yote yakiwaka, promota ya 35S, swichi kali inayowasha jeni zako, imeijaza seli protini kupita kiasi: shusha OD600 hadi 0.1. Vekta tupu (plasmidi yenye nLUC au cLUC bila protini), kusema kweli, ni kidhibiti, yaani kipimo cha kulinganishia, dhaifu. Tumia protini B iliyobadilishwa asidi amino pale inaposhikana na A, ukihakikisha kiasi chake kinalingana na cha B ya kawaida.