Heathrow hadi Schiphol: karibu kwa ndege, mbali kwa tikiti mbili

Kutoka Heathrow, London, hadi Schiphol, Amsterdam, ni kilomita 370 hivi kwa njia ya anga. Nairobi na Mombasa zimeachana zaidi ya hapo. Ndege ikishapaa, dakika 50 hivi zinatosha. Tikiti lakini itakuandikia saa moja na dakika 20, na haijakosea: Heathrow ndege hupanga foleni kusubiri kuruka, na ukitua Schiphol kwenye njia ya Polderbaan, iliyofunguliwa 2003 mbali na majengo ya abiria, ndege hutambaa robo saa nzima, ikivuka hata juu ya barabara kuu ya magari.

Kumbuka pia Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, mwaka mzima. Ukiondoka London 10:00, yaani saa nne asubuhi, utaona unafika 12:20. Wakati wa kurudi, unaondoka 10:00 na kufika 10:20.

Hayo ni mepesi. Linalotuumiza sisi tunaopitia Amsterdam kwenda nyumbani ni tikiti mbili tofauti: moja ya bei poa hadi Schiphol, nyingine ya Schiphol hadi Dar, Kilimanjaro au Nairobi. Mimi yalinikuta. Nilifika kaunta na sanduku la kilo 23, nguo za watoto wa dada zimejaa hadi zipu inalalamika, dada wa kaunta akafunua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza: "Visa ya Schengen iko wapi?" Sikuwa nayo, visa hiyo ya kuingia Uholanzi na nchi nyingi jirani za Ulaya. Nilidhani napita tu.

Ukiwa na tikiti mbili, kwa kawaida sanduku lako linaishia Schiphol, na mkanda wa kuchukulia mizigo uko upande wa pili wa uhamiaji. Kuufikia ni kuingia Uholanzi, na kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hilo linataka visa, hata kama una kibali cha kuishi Uingereza. Ukiwa na tikiti moja, sanduku linahamishwa lenyewe, nawe unabaki eneo la wasafiri wa nje ya Schengen. Ndugu zetu wenye pasipoti za Kongo (DRC) na Somalia wawe waangalifu zaidi: nchi hizo zimo kwenye orodha ya wanaohitaji visa ya kupita uwanjani, hata bila kutoka nje. Ulizeni kabla ya kulipa.

Na ndege ya kwanza ikichelewa? Kwa tikiti mbili, ya pili inaondoka bila wewe na hela imekwenda. Kwa tikiti moja shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine, na fidia ya kuchelewa hutegemea umbali wa safari, unaohesabiwa hadi Dar, si hadi Amsterdam. Kosa likiwa lao na ukachelewa kufika kwa zaidi ya saa nne, sheria ya Uingereza inakupa pauni 520. Safari fupi ya Amsterdam peke yake ingekuwa 220.

Hata kwa tikiti moja, mimi siachi chini ya saa mbili za kuunganisha. Na pale kaunta, kabla sanduku halijaondoka kwenye mkanda, soma lebo wanayoibandika. Iwe na herufi za uwanja unakoishia: DAR (Dar), JRO (Kilimanjaro), NBO (Nairobi) au EBB (Entebbe). Ukiona inaishia AMS, yaani Amsterdam, usisogee hapo mpaka irekebishwe.