Somo Likija kwa Simu: Jinsi ya Kumsomesha Nyumbani Mtoto wa Awali hadi Darasa la Pili

Shule za Tanzania zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, kazi za watoto zilianza kupitia kwenye makundi ya WhatsApp. Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni mwaka huohuo, lakini utaratibu huo haukufa. Mpaka leo mtoto akiugua wiki mbili, au likizo ikiwa ndefu, mwalimu hutuma kazi kwenye simu ya mzazi.

Kwa mwanafunzi wa sekondari hilo linatosha. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane halitoshi hata kidogo. Umri huo mtoto hujifunza kwa mdomo, kwa vidole na kwa mtu aliyeketi naye bega kwa bega. Ukimpa simu ukaenda jikoni, utakuta yuko kwenye katuni, na kosa si lake. Simu imeleta kazi tu. Kuigeuza kazi hiyo iwe somo ni juu yenu nyumbani.

Usiku ni wa maandalizi

Nyumba nyingi zina simu janja moja, nayo huondoka alfajiri na mwenyewe, awe anawahi soko la Kilombero pale Arusha au Mbuyuni kule Moshi. Inarudi saa mbili usiku mtoto akiwa anasinzia. Usimfundishe saa hiyo. Mtoto aliyechoka hukosea hata anachokijua, mzazi hukasirika, na kesho yake mtoto akiona daftari tu anajificha.

Usiku andaa, asubuhi afundishwe na aliyebaki nyumbani: bibi, kaka mkubwa au dada wa kazi, bila simu. Tafuta ujumbe wa mwalimu, ubonyeze bila kuachia, kisha uuwekee nyota. Usipofanya hivyo, "asante mwalimu" za wazazi wengine zitaufukia na utautafuta nusu saa. Sikiliza maelezo ya sauti mara mbili. Kisha nakili kazi kwenye kaunta buku kwa herufi kubwa zilizoachana, ukurasa mmoja kwa siku moja: silabi za kusoma, maneno matano ya kuandika, hesabu sita. Mwalimu akituma hesabu ishirini, zigawe kwa siku tatu. Juu ya ukurasa mwandikie atakayefundisha sentensi mbili za wazi: kianze nini, na kitumike kifaa gani.

Kuhusu bando, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime picha na video kujipakua zenyewe. Dakika moja ya ujumbe wa sauti haifiki nusu MB, wakati video ya dakika hiyohiyo hula MB kadhaa, na saa moja ya kipindi cha video cha moja kwa moja inaweza kumaliza zaidi ya MB 500. Mwombe mwalimu atume sauti na picha ya ukurasa. Ni ombi la haki, na wazazi wenzako watakushukuru. Kama kitabu cha kiada hakipo nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu hivyo husomwa bure. Utalipia bando tu.

Asubuhi

Mpangie vipindi viwili au vitatu vya dakika 10 hadi 15, na katikati atoke nje akimbie. Saa nzima mfululizo haimfai mtoto wa umri huu; baada ya robo saa anakutazama tu.

Hali ya hewa ya huku kwetu Arusha na Moshi ina mambo yake. Juni na Julai asubuhi ni baridi kali, vidole hukakamaa, na mwandiko unaoonekana mbovu ni wa mkono uliopoa. Mpe uji kwanza, anza na kusoma kwa sauti, kuandika kungoje jua lichomoze vizuri. Wakati wa masika, mvua ikipiga bati, mtoto hawezi kutofautisha "pa" na "ba" hata ukipaza sauti. Hapo acha kusoma, mpe kunakili au kuchora, mvua ikipungua mrudi. Wengi humgombeza mtoto kwamba hasikilizi, kumbe kweli hasikii.

Akikaa kwenye kiti cha watu wazima miguu ikaning'inia, atajinyonganyonga muda wote. Weka tofali au ndoo iliyopinduliwa chini ya nyayo zake. Anayeandika kwa mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, wa kushoto apate kutoka kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike anachoandika. Penseli fupi ya sentimita 8 hivi humfaa kuliko ndefu, kwa sababu haimwelemei kwa juu.

Kusoma: anza na sauti

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Mzazi anaonyesha m na kusema "em", anaonyesha a na kusema "a", kisha anashangaa mtoto akiunganisha na kupata "ema". Mtoto hajakosea, ameunganisha alichopewa. Mpe sauti. M ni "mmm", midomo imefungwa. Ikifuatwa na a inakuwa "ma". Sauti kama b, k na t hazirefuki, kwa hiyo ziguse kwa kifupi na uingie kwenye irabu mara moja.

Kata kadi kwenye maboksi ya biskuti, sentimita 5 kwa 5. Anza na a, e, i, o, u mpaka azitambue zikiwa zimevurugwa. Halafu ma, me, mi, mo, mu. Ongeza l, na tayari ana maneno: mama, mimi, lala, lima, meli, mali. Maneno yenye maana yaje mapema, mtoto agundue kwamba kusoma kunasema kitu. Ukiongeza k unapata kuku, kaka, kila, kilima.

Jihadhari na wimbo. Mtoto anaweza kuimba "ma me mi mo mu" bila kukosea na asijue hata moja. Changanya kadi, mwonyeshe "mo" peke yake. Akianza kuhesabu kimoyomoyo kutoka "ma", bado hajaijua.

Silabi za ch, sh, ny, mb na nd zije baadaye, moja moja. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe zisifundishwe siku moja. Kama anasoma shule ya Kiingereza, tenganisha vipindi na rangi za kadi, maana herufi a ya Kiingereza haina tabia ya a ya Kiswahili, na akichanganya atasoma zote mbili vibaya.

Akikosea neno, mwache amalize sentensi. Kisha rudini kwenye neno lile, funika nusu yake kwa kidole, asome silabi moja moja. Na bibi asiyejua kusoma ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyodhani: mtoto amsomee, bibi aulize, "Halafu ikawaje?" Swali hilo linapima kama ameelewa, na mtoto husoma kwa bidii zaidi kwa mtu anayetaka kweli kujua.

Kuhesabu

Kusanya vijiti 100 vya urefu mmoja, au visoda. Maharage na punje za mahindi usitumie kama kuna mdogo wake wa miaka miwili au mitatu karibu, kwani huishia puani. Kila vijiti kumi vifunge kwa raba bendi.

Mafungu hayo yanatibu kosa moja sugu: mtoto anaambiwa aandike kumi na nne, anaandika 104. Amesikia kumi, kaandika 10. Kasikia nne, kaongeza 4. Ishirini na moja inakuwa 201 kwa njia hiyohiyo. Kumwambia "umekosea" hakumsaidii. Andika 10 kwenye kadi pana na 4 kwenye kadi nusu ya ile, kisha laza 4 juu ya sifuri. Anaona 14, na pembeni ana fungu moja na vijiti vinne. Rudia kwa 20 na 1, 30 na 5. Kutoa kwa kukopa nako kunaanzia hapo: ni kufungua raba ya fungu moja.

Kumrudishia mwalimu kazi

Siku simu ikiwa nyumbani, piga picha mlangoni mchana, daftari likiwa limelazwa, ukurasa mmoja picha moja, jina na tarehe vikionekana. Usifute makosa wala usimshikie mkono ili picha ipendeze. Mwalimu akiona kazi safi ataendelea mbele, na mtoto ataachwa nyuma. Chini ya kila zoezi andika "peke yake" au "amesaidiwa". Maneno hayo yanamwambia mwalimu mengi kuliko alama, na ni bora yatumwe kwake binafsi kuliko kwenye kundi ambako wazazi hulinganisha watoto.

Kuna jambo mzazi anayeketi na mtoto huliona kabla ya mwalimu mwenye darasa kubwa. Mtoto anasogeza daftari karibu na pua, anafinya macho, anaruka mstari kila mara, au anakuuliza "nini?" hata nyumba ikiwa kimya. Mjaribu kwa wiki moja mahali penye mwanga na utulivu. Dalili zikibaki, usiongeze mazoezi. Mpeleke akapimwe macho na masikio. Arusha anzia hospitali ya Mount Meru, Moshi anzia Mawenzi, na hospitali ya KCMC, hukohuko Moshi, ina idara ya macho. Nenda na daftari lake, mtaalamu aone mwenyewe mistari iliyorukwa.