Umebadilisha prosesa na kompyuta imegoma kuwaka: anzia hapa

Kama prosesa ya zamani bado unayo, usimpe mtu leo. Huku Dar mtindo ni ule ule: unapeleka ya zamani, unaongeza hela juu, unaondoka na nyingine. Ukifika nyumbani mashine imegoma, na kitu pekee ambacho kingekuonyesha tatizo liko wapi umekiacha dukani. Kwenye meza yangu, prosesa iliyokufa kweli naiona mara chache sana. Ninazoletewa zaidi ni mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) zisizoitambua prosesa mpya, waya uliosahaulika na pini zilizopinda.

Hatua ya 1: Imegoma vipi?

"Haiwaki" ni maneno ya mteja. Bonyeza swichi, kisha tazama feni. Ikiwa kimya kabisa, usiguse prosesa kwanza. Angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai, plagi kubwa ya pini 24, na ule waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe cha mbele, ambao huchomoka ukiegemea kasha huku unahangaika na feni. Ikiwaka sekunde chache ikazima, shuku hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) isiyoigusa vizuri, au shoti. Feni zikizunguka muda wote huku skrini ni nyeusi, endelea nami, maana hapo ndipo wengi walipo.

Hatua ya 2: Plagi ndogo ya juu

Karibu na prosesa kuna plagi ya pini 4 au 8. Hiyo ndiyo inayolisha prosesa peke yake. Wengi huichomoa ili mkono upite, kisha hawairudishi. Feni zitazunguka kama kawaida bila hiyo, na ndiyo maana inadanganya. Sukuma mpaka usikie "tik".

Hatua ya 3: Waya wa skrini umechomekwa wapi?

Kijana mmoja aliniletea mashine akiwa amekata tamaa. "Fundi, nimeuziwa prosesa mbovu." Alikuwa na Ryzen 3 3200G ya AMD, akanunua Ryzen 5 5600. Niliiwasha, nikachomeka kibodi, nikabonyeza Caps Lock. Taa ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazima. Mashine iliyokufa haijibu hivyo. Basi nikageuza kasha: HDMI imechomekwa kwenye mazabodi, na kadi ya picha hakuna kabisa.

Ile 3200G ina sehemu ya kutoa picha ndani yake, 5600 haina. Kwa Intel, herufi F mwishoni, kama i5-10400F, maana yake ni hiyo hiyo. Bila kadi ya picha, tundu la HDMI la mazabodi halitoi chochote. Kama kadi unayo, waya uende kwenye kadi.

Hatua ya 4: Je, mazabodi inaijua prosesa hiyo?

Hapa usiwe na haraka. Kuingia kwenye soketi, lile tundu la prosesa, si kukubaliana. Mfano unaoliza watu ni soketi 1151 ya Intel. Prosesa za kizazi cha 6 na 7 zinatumia mazabodi za chipseti (chipu inayoongoza mazabodi) kama H110 na B250. Za kizazi cha 8 na 9 zinahitaji chipseti za mfululizo wa 300, kama H310 na B360. Idadi ya miguso ni ile ile, prosesa inakaa vizuri na lachi inafunga, lakini i7-8700, ya kizazi cha 8, kwenye H110 haitawaka hata ukeshe nayo. Hapo hakuna cha kutengeneza, rudi kwa muuzaji.

Hali nyingine ni ile ambayo mazabodi inaweza, ila BIOS yake, ile programu inayoamsha mashine, ni ya zamani. Mazabodi za AMD za chipseti B450 zilitoka mwaka 2018, Ryzen za mfululizo wa 5000 zikaanza kutoka Novemba 2020. BIOS ya 2018 haikuwa na namna ya kuzijua. Vivyo hivyo mazabodi nyingi za Intel za H61 zilizotoka na kizazi cha 2: ukiweka i5-3470, ya kizazi cha 3, bila kusasisha BIOS kwanza, skrini inabaki nyeusi.

Soma jina la mazabodi lililochapwa kwenye ubao wenyewe, pamoja na namba ya toleo kama "rev 1.0", kisha fungua tovuti ya mtengenezaji utafute orodha ya prosesa zinazokubalika. Mbele ya kila prosesa kuna toleo la BIOS inalohitaji. Kwa mashine za ofisi za mtumba kama OptiPlex na EliteDesk, tazama orodha ya modeli hiyo hasa, wala usitegemee soketi pekee.

Hatua ya 5: Rudisha ya zamani

Ikiwaka na ya zamani, umeshajua mengi: pawa saplai, RAM na mazabodi ni wazima. Sasa sasisha BIOS ukiwa na hiyo hiyo ya zamani. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32, faili liwe la modeli yako hasa, na mashine iwe kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme). Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiamke tena. Soma pia maelezo ya toleo, kwa sababu baadhi ya BIOS mpya za AM4 (soketi ya Ryzen hizi) huondoa prosesa za zamani kwenye orodha.

Kama ya zamani umeshaiuza, tazama nyuma ya kasha kama kuna kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Baadhi ya mazabodi zinacho. Kama hakipo, azima prosesa kwa fundi.

Ikigoma hata na ya zamani, basi kuna kitu kilichoguswa wakati wa kufungua.

Hatua ya 6: Pini

Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha, kisha toa prosesa. Intel za soketi 1151 na 1200 zina pini kwenye mazabodi. Ryzen za AM4 zina pini 1331 chini ya prosesa yenyewe. Washa tochi ya simu na uilaze pembeni, mwanga upite juu juu. Pini zilizo sawa zinang'aa kwa mistari kama shamba la mpunga uliopandwa kwa kamba. Iliyopinda huonekana mara moja: mng'ao wake unaangalia upande mwingine.

Pini ya AM4 inyooshe kwa wembe mwembamba, au kwa mdomo wa penseli ya kubonyeza isiyo na risasi, kidogo kidogo. Ya kwenye soketi ni sindano, lenzi na pumzi uliyoibana. Mkono ukitetemeka, peleka kwa mwenye uzoefu. Kwa wenye AM4, safari ijayo tumieni mashine dakika kumi kabla ya kufungua ili pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki ilainike, kisha mzungushe hitisinki taratibu. Ukiivuta juu moja kwa moja inang'oka na prosesa imeganda chini yake, na pini ndizo zinazolipa.

Hatua ya 7: RAM na kumbukumbu ya BIOS

Kinachoongoza RAM kimo ndani ya prosesa. Kwa hiyo pini moja iliyopinda, au hitisinki iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine, inaweza kufanya RAM ionekane mbovu. Legeza skrubu za hitisinki, kisha kaza kwa msalaba, kila moja mizunguko michache. Bakisha RAM moja. Kwenye mazabodi ya nafasi nne, iweke nafasi ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Kufuta kumbukumbu ya BIOS, toa betri ya CR2032, ile ya duara kwenye mazabodi, umeme ukiwa umechomolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, subiri dakika tano, irudishe. Ukiwasha, vumilia. Mara ya kwanza mashine inapima RAM upya na inaweza kukaa giza dakika kadhaa. Kuna watu wanaizima sekunde ya ishirini, kila mara, halafu wanasema imekufa.

Hatua ya 8: Imewaka, lakini inauliza swali

Kwenye AMD unaweza kukuta maandishi kwamba prosesa mpya imewekwa na fTPM (hifadhi ya funguo za siri ndani ya prosesa) imebadilika, uchague Y au N. Usibonyeze Y kwa pupa: inafuta funguo zilizohifadhiwa humo. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, na ufunguo wa akiba huna, bonyeza N, zima, rudisha prosesa ya zamani, ingia Windows usimamishe BitLocker na uandike ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Ndipo urudishe mpya na kubonyeza Y.