Kukusanya printi za Banksy za kupinga vita bila kupigwa

Banksy ni msanii wa mitaani wa Uingereza asiyejitambulisha, na printi zake ni nakala za picha zinazochapwa kwa idadi maalum. Wengi wanaanza na bei, mi nakwambia anza na picha yenyewe inasema nini. Bomb Love ya 2003 ni binti kakumbatia bomu kama mwanasesere, CND Soldiers ya 2005 wanajeshi wawili mmoja anachora alama ya amani ukutani mwenzie kashika bunduki analinda, halafu Napalm ya 2004, yule mtoto wa kwenye picha maarufu ya vita vya Vietnam aliyekuwa anakimbia uchi, sasa kashikwa mikono na Mickey Mouse na Ronald McDonald, yule kikaragosi wa migahawa ya McDonald's, wanacheka. Hiyo sikuwahi kuizoea. Inayokuuma hivyo ndo uitafute.

Sasa saini. Bomb Love zilitoka 150 zenye saini na 600 zisizo na saini, Napalm 150 na 500, na tofauti ya bei ni kubwa mno, kwa hiyo kama mfuko haujanona chukua isiyo na saini, picha ni ileile.

Cheti cha kuthibitisha kuwa printi ni halisi usikiachie kabisa. Tangu 2008 wanaothibitisha kazi za Banksy ni Pest Control, ofisi yake mwenyewe, na kwenye cheti chao kuna kipande cha noti feki ya pauni 10 yenye sura ya Princess Diana kimechanwa nusu, nusu ya pili wanabaki nayo wao, yaani hata mtu akighushi karatasi ule mchaniko hautakutana. Mimi niliwahi kuambiwa "cheti kinakuja kwa posta" nikatuma hela, cheti hakikuja mpaka leo na printi ilikuwa feki. Ningekuwa na lenzi ya kukuzia ningejua palepale, maana printi halisi huchapwa kwa kupitisha wino kwenye wavu (skrini), wino wake unakaa mzito na umejaa, lakini feki iliyochapwa kwa printa ya kompyuta unaona vidoti vidoti vya rangi.

Fuatilia pia zinazotolewa kuchangia waathirika wa vita, kama 2022 Banksy alitoa 50 tu kwa ajili ya Ukraine kupitia shirika la msaada la Legacy of War Foundation, pauni 5,000 kila moja.

Ukishaipata usiibandike na gundi jamani, wala selotepu! Fundi fremu mwambie kadibodi isiyo na asidi, kioo cha kuzuia UV (miale ya jua inayopausha rangi) kisigusane na karatasi, na itundike ukuta usiopigwa na jua, ile ribboni ya pinki ya Happy Choppers, printi yake ya helikopta za kivita, ikipauka hairudi.