Jinsi nilivyomfundisha shangazi kufunga barua pepe

Shangazi yangu wa Arua hutuma hesabu za chama chao cha akiba kwa barua pepe, nami nilimwonyesha hivi. Weka Thunderbird, programu ya barua pepe; tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina OpenPGP ndani yake, yaani mfumo wa kufunga barua ili aliyeandikiwa tu aweze kuisoma. Kwenye mipangilio ya akaunti, tengeneza jozi ya funguo, mmoja wa umma na mmoja wa siri. Ule wa umma mpe kila mtu, ni kama kufuli iliyo wazi: yeyote ataibana, wewe tu utaifungua. Wa siri usimpe mtu, hata mimi. Ukipokea ufunguo wangu wa umma, nipigie tusomeane alama zake 40 za utambulisho, nne nne, taratibu, tujue kweli ni wangu. Hapo usiharakishe, shangazi, ndipo tapeli hupenyea. Kisha nakili ufunguo wa siri kwenye flashi, uifungie kabatini. Ufunguo huo ukipotea bila nakala, barua zilizofungwa hazisomeki tena.